Mrejesho: wakati ujao wa Kifaransa, nimeelewa

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini mwalimu alinikata alama kwenye "je parlai" wakati nilitaka kusema "nitaongea".

Kumbe nilikuwa nakata -er ya mwisho wa parler (kuongea) kama tunavyofanya wakati uliopo. Wakati ujao, kwa vitenzi vya kawaida, hukati: kitenzi unakiacha kizima, halafu unabandika mkia: -ai, -as, -a, -ons, -ez, -ont. Parler, je parlerai. Finir (kumaliza), nous finirons. Vinavyoishia na -re tu ndivyo hudondosha e ya mwisho: vendre (kuuza), ils vendront.

Aliyeniambia niitazame avoir (kuwa na), ubarikiwe sana. J'ai, tu as, il a, ils ont: mikia ni ileile! Kwa nous (sisi) na vous (ninyi) tu ndipo unaondoa av- kwanza: avons, avez.

Kichekesho ni kwamba "je parlai" ipo kweli, ila ni wakati uliopita wa vitabuni. Yaani niliandika "niliongea".

Masikio bado yananisumbua, maana kwenye parlerai ile e ya katikati wakati mwingine wanaimeza. Zoezi nimelirudia jana, 18 kati ya 20. Niliyokosa: j'achèterai (nitanunua), nilisahau kialama juu ya e, na j'appellerai (nitaita), niliweka l moja.