Kwani wanaosomea meno wote wanataka kutoka nje?

Ami_Langoni: Asalam aleikum wandugu. Mpwa wangu yuko mwaka wa mwisho Nairobi asomea udaktari wa meno. Nikamuuliza utafungua kliniki hapa Amu (Lamu) lini, akacheka tu. Yeye na wenzake ni Dubai, Uingereza, Australia. Ni pesa tu ama kuna jingine? Maana huku jino likikuzidi wapanda boti mpaka Mokowe ukashike basi la Mombasa.

jino_la_mwisho: Waleikum salaam ami. Pesa ipo, lakini ukimaliza ile miaka mitano wangoja kupostiwa intanship, ule mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitali chini ya madaktari wakubwa, na bila huo hupati laiseni, uko nyumbani na digrii yako. 2024 madaktari waligoma siku 56, na maintan walikua kati ya waliogoma, serikali ilitaka kuwalipa elfu 70 kwa mwezi na hali makubaliano yake na chama cha madaktari ya 2017 yasema 206,000. Ukimaliza hio intanship nayo, kaunti haijatangaza kazi.

barani_mld: Hamjataja kiti. Daktari wa kawaida aweza kuanza na kile cha kusikilizia kifua, wa meno bila kiti, kompresa na eksirei hana kazi. Niko Malindi sasa nafanyia mtu kliniki, zamani nilikua hospitali moja sitaitaja, kiti kikafa, fundi atoke Mombasa, twangoja twangoja, huku twang'oa tu, jino la kutibiwa mzizi likajazwa twaling'oa, na mgonjwa mwenyewe akwambia ng'oa daktari sina hizo pesa. Mkono wasahau kazi ulosomea. Hio ndo iliniuma kuliko mshahara.

Bint_Mkomani: Na sisi jamaa je? Akirudi toka Saudia twamsifu, alobaki twataka atung'oe bure sababu ni mtoto wa nyumba 😂

yuko_Sharjah: Huku si mteremko. Wataka uzoefu wa kazi, vyeti vihakikiwe, halafu mtihani. Uingereza ni ORE, mtihani wa waliosomea nje, sehemu mbili, ya pili ya vitendo, na nafasi za kuufanya za kugombania. Marekani wengi warudi chuo tena miaka miwili mitatu, na ada yake wallahi! Asitoke kabla ya intanship.

Ami_Langoni: Shukran. @barani_mld hicho kiti chaenda ngapi?

barani_mld: Kipya ama mtumba? Njoo inboksi ami, na uangalie umeme wa hapo kwanza.