"Nani alikutuma uwe kiwanda cha stima?" Hivi ndivyo nilivyojibiwa leo mbele ya foleni nzima

Ndugu zangu, nimetoka kwenye ofisi yao sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Sina haja ya kuwataja, kwa kuwa kila anayelipia umeme Kenya hii anawajua, na kila aliyewahi kupanga foleni pale anamjua yule kijana wa dirisha la mwisho ambaye huzungumza na wateja bila kuinua macho kwenye simu yake. Nimemweleza shida yangu kwa heshima, naye akaniuliza kwa sauti iliyofika hadi stendi ya matatu: "Mzee, nani alikutuma uwe kiwanda cha stima?"

Aliyenituma ni sheria. Sheria ya Nishati ya 2019 inamruhusu mteja mwenye mtambo wa nishati jadidifu usiozidi megawati 1 kuomba kubadilishana umeme na gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, na kanuni za mpango huo zikatolewa 2024. Nikipeleka yuniti 10, nahesabiwa 5. Hata nusu hiyo niliikubali, maana mchana nyumba yangu ya Kitengela haina mtu na jua linawaka bure. Nikaweka paneli za sola na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, nikajaza fomu, nikaomba mita inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka. Mpaka leo haijaletwa. Ile ya zamani haitofautishi kuingia na kutoka, kwa hiyo kila ninachowapa inakiandika kuwa nimekitumia. Ninawapa umeme wangu, kisha ninaulipia kwa tokeni! Vidole vimeota sugu kwa kubonyeza tarakimu 20, na jua likiwa utosini ndipo mita inaponizimia.

Hayo ndiyo niliyomweleza, na ndiyo aliyoyajibu kwa "nani alikutuma". Foleni ikaangua kicheko. Hata askari wa mlangoni aliegemea ukuta asianguke. Nimefundisha shule za nchi hii hadi nikastaafu, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kunijibu hivyo. Nani alikutuma! Kana kwamba nimeiba jua la baba yake.

Fundi_wa_Paa: Pole sana, Mwalimu, lakini inveta haikupaswa kuunganishwa na gridi kabla ya mita mpya kufungwa na wao kukagua. Mwambie fundi wako aiweke isitoe umeme nje, na hasara itakoma leo hii.

Mwenye uzi: Fundi, asante, nitamwambia. Lakini sikuja hapa kwa habari ya inveta. Nauliza kama ni haki mtu mzima kuulizwa nani alimtuma, mbele ya watu wanaoweza kuwa wanafunzi wake.

Binti_wa_Nakuru: Kiwanda, punguza hasira. Mimi nilikuwa kwenye foleni ile na nilicheka, nisamehe. Hilo swali ulipaswa kulijibu palepale, si kuja kulilia huku.

Mwenye uzi: Usiniite Kiwanda.

Jirani_wa_Syokimau: Kiwanda ana nafuu, kwa sababu yake inafanya kazi. Mimi umeme wa gridi ukipotea, sola yangu nayo inazima mchana kweupe, paneli zikiwa zinaungua kwa jua. Nilitumia akiba yangu yote ili nikimbie giza, na sasa ninakaa gizani pamoja na wale wasio na paneli.

Fundi_wa_Paa: Hiyo ni kwa usalama, ndugu yangu. Inveta isiyozima ingepeleka umeme kwenye nyaya wakati mafundi wako juu ya nguzo. Unahitaji betri na inveta inayoweza kujitenga na gridi. Aliyekuuzia alipaswa kukueleza hayo kabla ya kupokea pesa yako.

Jirani_wa_Syokimau: Aliyeniuzia hashiki simu tena, na nyote mnamjua.

Mama_Tokeni: Ninyi mna mapaa yenu. Sisi wapangaji tunaambiwa kwamba sehemu kubwa ya umeme wa Kenya ni safi, yaani mvuke wa Olkaria, upepo wa Turkana na maji ya Mto Tana, lakini kila ninaponunua tokeni ninakatwa tozo ya mafuta. Nieleweshwe: ni mafuta gani ninayoyalipia ikiwa umeme unatoka kwenye upepo?

Binti_wa_Nakuru: Ni ya mitambo ya dizeli, ambayo bado huwashwa mahitaji yanapopanda. Na juu ya tozo hiyo ongeza kodi ya asilimia 16.

Mkulima_wa_Busia: Afadhali ninyi mna nguzo. Huku tuna sola za kulipa kidogo kidogo kwa simu, na ukichelewa, taa inafungwa kutoka mbali hata kama betri imejaa. Wiki iliyopita ilifungwa mtoto akiwa katikati ya hesabu, na nilipopiga simu kulalamika, nikaambiwa nisubiri muziki uishe. Ule wimbo wao sasa naujua wote.

Mama_Tokeni: Wimbo huo hata sisi tunaujua! Mimi walinikatia simu ulipoanza mara ya tatu.