Mnaofuta logi (faili la kumbukumbu za programu) huku programu bado inaiandikia, mnatutesa!

Wakuu, sijalala na nina hasira.

Saa nane usiku napigiwa simu na mteja mwenye duka la dawa la saa 24: mfumo umegoma, risiti hazitoki. Naingia kwenye seva, napiga `df -h` nione nafasi ya diski. Diski ya GB 40, imejaa asilimia 100. Nikasema haya, ya kawaida haya. Nikapiga `du -xh --max-depth=1 / | sort -h`, inayojumlisha ukubwa wa kila folda, nimjue mlaji. Jumla GB 17! Nikarudia kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi, labda kuna folda nimenyimwa kusoma. GB 17 palepale. `df -i` nayo ikasema inodi (nafasi za kusajili mafaili) zipo tele.

Toa asilimia 5 ambayo ext4, mfumo wa mafaili wa diski hiyo, humtengea root (msimamizi mkuu), yaani GB 2. Bado GB 21 hazina mwenyewe.

Nikampigia jamaa tuliyemkabidhi matunzo ya seva. Kwa sauti ya usingizi: "Kaka, mbona jana mchana nilisafisha? Nimefuta lile logi kubwa lote."

Umefuta nini sasa? `rm` kwenye Linux inaondoa jina la faili kwenye folda, basi. Kama kuna programu imelishikilia, data inabaki diskini mpaka iliachie. `du` inapita kwenye majina, `df` inauliza mfumo wa mafaili wenyewe. Ni sawa na gesti: mgeni kafutwa kwenye daftari, ila chumba namba 6 bado kalala na mlango kafunga kwa ndani. Na huyu wetu alikuwa anaendelea kunenepa usiku kucha, sasa bila hata jina la kumtafutia.

Na asije mtu hapa kuniambia "ungetumia ncdu mkuu", ile ya kuperuzi ukubwa wa folda. Naipenda ncdu, lakini nayo inapita kwenye majina yaleyale. Isingemwona.

Aliyemwona ni `sudo lsof +L1`, inayoorodhesha mafaili yaliyo wazi ila hayana jina tena. Mstari mmoja tu: java, GB 21, na neno `(deleted)` pembeni. Nikaiwasha upya huduma ile ya java, nafasi ikarudi kabla sijakohoa. Kama huduma haizimiki, kuna `truncate -s 0 /proc/PID/fd/NAMBA`, inayolikata faili hadi sifuri; unaweka PID (namba ya programu) na namba ya faili ulizozisoma kwenye lsof. Na jana mchana, faili likiwa bado na jina lake, `truncate -s 0` ingemaliza kazi bila mtu kuamshwa.

Logrotate, ya kuzungusha na kufuta logi kuukuu, hawakuweka. Logi waliiacha kwenye debug, yaani iandike kila kitu kidogo, tangu siku ya majaribio. Hayo ningesamehe. Kinachoniuma ni kwamba baada ya ile `rm` hakupiga `df -h` hata mara moja aone kama kuna kilichopungua. Herufi tatu na kistari!

Asubuhi hii nafungua barua pepe, wametuma ankara. Mstari wa kwanza: "Usafi wa diski."