Mwanza hadi Unguja na watoto watatu: ndege mpaka mwisho, au ndege kisha boti?

BabaKulwa_Ilemela

Ndugu wanajamvi, poleni na majukumu. Mimi na mwenzangu tumeweka akiba mwaka mzima ili mwezi Desemba tuwapeleke watoto wetu Unguja, na sisi wenyewe hatujawahi kuvuka bahari. Zimebaki njia mbili mezani. Ya kwanza ni kupanda ndege hapa Mwanza, kubadilisha Dar es Salaam na kuruka tena hadi Zanzibar. Ya pili ni kushuka Dar es Salaam, kuchukua gari hadi bandarini na kuvuka kwa boti. Njia ya pili ina unafuu wa bei, lakini mama watoto ana hofu na bahari, nami nina hofu na kukurupushana na mabegi jijini nikiwa na watoto watatu. Tunataka kukata tiketi kabla ya Ijumaa kwa sababu kila tunapochungulia bei za Desemba tunazikuta zimepanda. Waliokwishasafiri na watoto, naomba mnishauri njia ipi ni bora.

MamaSalha

Kaka, hongera kwa kuwafikiria watoto, lakini hujatuambia mambo yanayoamua jibu. Watoto wana umri gani? Mtaondoka na kurudi tarehe ngapi? Mkifika Unguja mtafikia mjini au shamba, kaskazini au mashariki? Na hizo ndege mbili, ni tiketi moja au umeona bei ya kila kipande peke yake ukajumlisha? Hilo la mwisho nitalirudia, kwa sababu liliwahi kuniliza hadharani.

Reli_Kwanza

Mimi ningeongeza njia ya tatu. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inakwenda Dodoma hadi Dar es Salaam, na safari hiyo ni ya takribani saa 4 tu. Pandeni basi hadi Dodoma, mlale usiku mmoja, asubuhi mchukue treni, watoto waone nchi yao kupitia dirishani na wapite Morogoro wakitazama milima ya Uluguru. Ndani ya treni mtoto anasimama, anatembea, anakwenda chooni bila kusubiri taa ya mkanda izimwe. Mtoto aliyepita juu ya mawingu hajaiona Tanzania.

Mwalimu_Nyamagana

Ndugu yangu, treni ni nzuri na nimeipanda, lakini unaruka kipande kigumu kuliko vyote. Kutoka Mwanza hadi Dodoma kwa barabara ni karibu kilometa 700, na mwenye swali ana watoto watatu, ambao mmoja wao huenda bado anavaa nepi. Aliyewahi kumbadilisha mtoto nepi kwenye kiti cha basi kati ya Shinyanga na Singida hawezi kumshauri mzazi mwenzake arudie.

Reli_Kwanza

Ndiyo maana nimesema walale Dodoma, Mwalimu. Sikusema wasafiri mfululizo.

BabaKulwa_Ilemela

Nawashukuru, na nisameheni kwa kuacha hayo. Wakubwa ni pacha, Kulwa na Doto, wana miaka 5. Mdogo wao ni wa kike, atatimiza miaka 2 tarehe 20 Desemba. Tunaondoka tarehe 14 na kurudi tarehe 27. Huyo mdogo tumempangia kupakatwa na mama yake, kwa hiyo hesabu yangu ni ya viti vinne kwenda na kurudi. Kuhusu tiketi, ni kweli nimejumlisha bei za mashirika mawili tofauti, kwa sababu kwa njia hiyo jumla inakuwa ndogo.

Msafirishaji_Dar

Ndugu BabaKulwa, nafanya kazi ya kukata tiketi na ninakuomba usilipe chochote kabla ya kusoma haya.

Mtoto aliye chini ya miaka 2 hupakatwa, na kwa kawaida hulipiwa sehemu ndogo ya nauli ya mtu mzima, ambayo kwa mashirika mengi ni asilimia 10. Lakini umri unaohesabiwa ni ule wa siku ya kusafiri, si wa siku ya kukata tiketi. Binti yako ataondoka akiwa mtoto wa kupakatwa na atarudi tarehe 27 akiwa mtoto mwenye kiti chake. Ukiandika viti vinne kwenda na kurudi, utagundua kosa lako siku ya kurudi, mbele ya kaunta, katika wiki ambayo ndege zote zimejaa watu wanaorejea kutoka sikukuu. Kata viti vinne vya kwenda na vitano vya kurudi, na uandike tarehe zao za kuzaliwa kama zilivyo kwenye vyeti. Vyeti hivyo vya kuzaliwa mvibebe kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na vitambulisho vyenu. Ile bima ya lazima ya safari iliyoanza Oktoba 2024 inawahusu wageni wanaoingia Zanzibar kutoka nje ya nchi, si Watanzania.

Gharama ya kiti cha tano isikusononeshe sana. Mkipangiwa Airbus A220, ndani yake mna viti 2 upande mmoja wa njia na viti 3 upande wa pili. Wakati wa kurudi mtakuwa mmejaza mstari mzima: baba na pacha upande wa watatu, mama na binti upande wa wawili, na hakuna mgeni wa kumwomba radhi kila mtoto anapomwaga juisi. Omba viti hivyo mapema, kwa sababu ukisubiri hadi siku ya safari utapewa vilivyobaki, na pacha wa miaka 5 hawatakubali kutenganishwa.

MamaSalha

Kaka BabaKulwa, hapo kwenye bei za mashirika mawili ndipo ninaposimama, na utaniwia radhi kwa urefu.

Miaka mitatu iliyopita nilisafiri peke yangu na wanangu wawili, mmoja akiwa na miaka 3 na mwingine miezi 8, kutoka Mwanza kwenda Unguja kwenye harusi ya mdogo wangu. Nilifanya kama unavyotaka kufanya wewe: tiketi ya shirika moja hadi Dar es Salaam, na ya shirika jingine kuvuka. Ndege ya kwanza ilikuwa iondoke saa 1 asubuhi, ya pili saa 5. Niliona nina nafasi ya kutosha. Saa 1 ikafika tukaambiwa tusubiri, saa 3 tukaambiwa ni hitilafu ndogo, tukaruka saa 6 kasoro. Nilipofika Dar es Salaam ndege ya pili ilikuwa imekwishakwenda. Nilipoeleza kwenye kaunta kwamba si mimi niliyechelewa, dada wa pale alinitazama kwa huruma ya kweli, akanijibu kwamba kwao wao mimi ni abiria ambaye hakutokea, na tiketi yangu imeisha. Shirika la kwanza nalo lilisema limenifikisha Dar es Salaam kama lilivyoahidi, mengine hayawahusu. Wote wawili walikuwa na haki kwa karatasi zao, na mimi nilikuwa katikati na mtoto mgongoni.

Ilinibidi ninunue tiketi nyingine, na nafasi iliyokuwapo ilikuwa ya kesho yake. Uji wa mtoto ulikuwa umechacha kwenye chupa, na nepi zilizobaki mkononi zilikuwa mbili, kwa kuwa nilijiambia safari ni ya saa chache. Nikatandika kanga chini karibu na ukuta. Mkubwa wangu akavua viatu, akavipanga sawasawa pembeni ya kanga kama anavyofundishwa nyumbani, akaniuliza kama hapa ndipo kwa shangazi. Swali hilo silisahau. Shemeji wa rafiki yangu alikuja kutuchukua saa 2 usiku, na harusini tulifika wakati watu wanaosha masufuria.

Kwa hiyo nakwambia kama dada yako: ama ukate tiketi moja inayoanzia Mwanza na kuishia Zanzibar, ili ndege ya kwanza ikichelewa wao ndio wakutafutie nyingine, ama ushuke Dar es Salaam na kuvuka kwa boti, ambapo ukikosa ya mchana unauliza ya jioni, na zikikwisha zote kuna ya asubuhi. Na mkoba wa mkononi uwe na nepi, nguo na chakula cha kutosha siku nzima na usiku wake.

Msafirishaji_Dar

Dada MamaSalha amesema kweli tupu. Hata boti nayo, usikate ya saa inayobana. Kutoka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere hadi bandarini si mbali kwa kilometa, ila foleni ya mjini haina ahadi.

Muuguzi_wa_Watoto

Naona hakuna aliyegusa masikio, na kwa mtoto wa umri huo ndilo jambo la kwanza. Sikio la kati limeungana na koo kwa mrija, na mrija huo kwa mtoto ni mfupi, mwembamba na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo huziba kwa urahisi. Ndege inaposhuka, hewa ndani yake huongezeka mgandamizo, na mtoto asipomeza mate ngoma ya sikio huvutwa kwa ndani. Hapo ndipo mnaposikia kilio kile kinachoanza ghafla dakika 20 au 30 kabla ya kutua. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na Dar es Salaam iko pwani, hivyo kwenda ndiko kutakakowasumbua zaidi kuliko kurudi.

Dawa yake ni kumeza. Kama binti bado ananyonya, mama amnyonyeshe ndege inapoanza kushuka. Kama ameachishwa, apewe maji kwa kikombe au chupa, kidogo kidogo. Akiwa amelala, amwamshe kabla ya kushuka, kwa sababu mtu aliyelala humeza mara chache. Pacha wa miaka 5 wafundishwe nyumbani kupiga miayo kwa makusudi, na wapewe kitu cha kutafuna. Mtoto yeyote akiwa na mafua makali au sikio linalouma wiki ya safari, apelekwe kwa daktari aangaliwe kabla, wala msimpe dawa za mafua za dukani kwa kubahatisha.

Kwa hoja hiyo ninaegemea boti. Kuruka mara mbili ni kushuka mara mbili, na safari ya Dar es Salaam hadi Zanzibar ni ya dakika 20 hivi, yaani mtoto anakuwa hajatulia kutoka kule kwa kwanza.

Mwalimu_Nyamagana

Muuguzi, kwa heshima, hicho kipande cha pili hakitoki mlimani. Kinaanzia pwani na kuishia pwani, na ndege haipandi juu sana. Zile ndogo za injini moja huruka chini kabisa. Wanangu walilia Dar es Salaam, ila Zanzibar walitua wakicheka.

Muuguzi_wa_Watoto

Hilo nakubali, Mwalimu. Tofauti ya mgandamizo kwenye kipande hicho ni ndogo. Hofu yangu ni ya sikio ambalo limekwisha kuumia kwenye kipande cha kwanza.

Mkunazini71

Assalaam alaykum. Mimi ni wa Unguja, na naona mnaiogopa bahari ya mwezi msioujua. Kinachochafua mkondo wetu ni upepo wa kusi, na kusi ni la Juni, Julai na Agosti. Hapo hata mabaharia hutapika. Desemba ni kaskazi inayoanza, na siku nyingi boti hupita kama juu ya mkeka. Mwendo wake ni wa takribani saa 2. Kaeni sehemu ya chini, katikati au nyuma, watoto wale kitu kikavu kabla ya kupanda, na maziwa yasubiri mpaka mfike. Boti inawashusha Malindi, mlangoni mwa Mji Mkongwe, na jioni ile ile watoto wanakula urojo Forodhani.

Lakini mpaka sasa hukusema mtafikia wapi, bwana, na MamaSalha alikuuliza tangu mwanzo.

BabaKulwa_Ilemela

Samahani, mzee wangu. Tumepata nyumba ya kupanga Jambiani, na nimekwishalipa nusu.

Mkunazini71

Basi hesabu inageuka. Uwanja wa ndege uko kusini ya mji, nanyi mnakwenda kusini mashariki. Mkija kwa ndege mnaingia kwenye gari na kwenda moja kwa moja, hamna haja ya kuingia mjini.

La muhimu zaidi, tazama kalenda ya mwezi kabla ya kuwaahidi watoto kuogelea. Pwani ile, wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kiasi cha saa 4 asubuhi na bahari huondoka mpaka kule kwenye mwamba, mtu anabaki anatazama mchanga na mashamba ya mwani. Hujaa tena alasiri. Wakati wa maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, tofauti ya kupwa na kujaa huwa ndogo. Kwa watoto wanaotaka kuogelea saa yoyote, ningewapeleka Nungwi au Kendwa.

MamaSalha

Hapo sikubaliani nawe, kaka. Kwa watoto wadogo maji kupwa ni neema. Wanangu walicheza Jambiani kwenye vidimbwi vinavyofika magotini, wakaona nyota za bahari na kaa, na sikuwa na hofu ya wimbi. Nungwi maji yanakuwa marefu karibu, na mzazi mwenye watatu hana macho ya kutosha. Wavisheni tu viatu vya mpira, kwa sababu ya urumba, wale viumbe wa baharini wenye miiba.

Mkunazini71

Urumba si jambo dogo, dada. Mwiba wake ukikatikia kwenye mguu wa mtoto, hiyo siku imekwisha. Ila nakubali kuwa wimbi la Jambiani huvunjikia mbali, kwenye mwamba.

BabaKulwa_Ilemela

Nimewasoma wote, na mama watoto amesoma pamoja nami. Tunaelekea kwenye tiketi moja hadi Zanzibar, viti vinne kwenda na vitano kurudi, ingawa tofauti ya bei na boti bado inatuuma, na yeye baada ya maneno ya mzee wa Mkunazini ameanza kusema bahari ya Desemba huenda akaiweza. Usiku wa leo limeingia jambo jingine. Mama yangu mzazi amepata habari za safari na anaomba kuja nasi, naye ana miaka 74. Angetusaidia sana na binti, lakini sijui kama hilo linabadilisha uchaguzi wa njia.

Muuguzi_wa_Watoto

Linabadilisha. Mama anatembea mwenyewe au kwa mkongojo? Anaweza kupanda ngazi? Ana shinikizo la damu au kisukari, na anatumia dawa gani?

Msafirishaji_Dar

Na jina lake kwenye kitambulisho linaandikwaje? Kama atahitaji kiti cha magurudumu, inabidi niombe wakati wa kukata tiketi.