Tupeane uzoefu: somo la lazima la chuo lililokutoa jasho kuliko fani yako

Wakuu, habari za mchana.

Mdogo wangu kaingia mwaka wa kwanza, anasomea uhandisi wa umeme. Juzi kanipigia simu, sauti imekaa kilio kilio: "Kaka, nimekuja kusoma saketi, hawa wananiuliza nadharia za maendeleo." Nikacheka. Halafu nikakumbuka kwamba katika miaka minne ya uhandisi mimi nilikula sapu (mtihani wa marudio) moja tu, na haikuwa ya hesabu wala mekanika. Ilikuwa ya DS (Development Studies, taaluma za maendeleo) hiyo hiyo.

Tulikuwa kozi zote za mwaka wa kwanza ndani ya ukumbi mmoja. Ukichelewa unakaa kwenye ngazi, maikrofoni inakata, mhadhiri unamwona kwa mbali kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Baada ya wiki tatu nikaacha kuhudhuria, nikajiambia madesa (notisi za kunakili) yapo. Usiku wa kuamkia UE, mtihani wa mwisho, nikaenda steshenari, nikachukua desa kama wenzangu. Swali likaja: jadili, kwa mifano ya eneo unalotoka. Mimi nikajibu kwa vidokezo, kama orodha ya vifaa vya saiti. Saruji, nondo, kokoto. Sapu ikanikuta niko PT (mafunzo kwa vitendo) Mbeya, nikapanda basi kwenda Dar kwa mtihani mmoja tu, nikageuza usiku huo huo. Nauli ilitoka kwenye hela ya kula.

Kwa hiyo naomba wadau: DS, komunikesheni (stadi za mawasiliano), GS (General Studies) ya kidato cha sita kama unataka kuiingiza, common units (masomo ya lazima kwa wote) za majirani zetu Wakenya, zile za Marekani. Lipi lilikutesa, na leo unalionaje? Nataka nimtumie dogo uzi huu asome mwenyewe.

Babu wa Mlimani

Wewe kijana unalia na DS ya maikrofoni mbovu. Sisi tuliikuta ya moto.

Somo hili halikuletwa ili kujaza ratiba. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 swali lilikuwa: daktari na mhandisi anayesomeshwa kwa kodi ya mkulima, anamjua mkulima huyo? Likaanza kama kozi ya pamoja, likabadilika badilika, na 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo pale Dar es Salaam. Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana, alikuwa bado anafundisha hapo hapo Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka uliofuata likaja Azimio la Musoma: hutoki kidato cha sita ukaingia chuo moja kwa moja. Unakwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), kisha unafanya kazi, mahali pa kazi na chama wanakupendekeza. Mimi nilifika chuo nikiwa nimeshakuwa karani wa shirika la umma miaka miwili. Kwenye semina yetu kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi, mwanajeshi, na bwana shamba mmoja aliyeshiriki kuhamisha watu wakati wa Operesheni Vijiji. Siku tulipofika mada ya vijiji vya ujamaa, mkufunzi alisoma ukurasa mmoja, bwana shamba akanyoosha mkono. Alieleza jinsi nyumba zilivyoezuliwa mapaa wenyewe wakiwa nje na vyombo vyao. Alieleza pia kisima na zahanati iliyokuja baadaye. Watu wakabishana mpaka muda wa chakula ukapita. Mkufunzi alifunga daftari akabaki anasikiliza.

Sasa mnaingia na miaka 19, mmetoka bweni mmeingia bweni. Mtabishana nini? Ndiyo maana mnakariri.

Sina Usingizi

Mimi DS nilipata A na sikumbuki hata mada moja. Uhasibu wa menejimenti nilipata C na ndiyo inayonilisha. Endeleeni.

Comrade wa Thika Road

Salamu kutoka Kenya. Huku tunaziita common units: mawasiliano, stadi za maendeleo, ile ya Ukimwi, falsafa kidogo, ujasiriamali. Zangu nilizipita zote bila shida. Shida yangu ilikuwa missing marks, alama zinazopotea.

Mwaka wa kwanza nilifanya mtihani wa mawasiliano, nikatia sahihi orodha, nikatoka. Matokeo yakaja na kistari mahali pa alama. Nikaambiwa yatajazwa. Mwaka wa pili, yatajazwa. Unajua common unit haina mwenyewe: idara yako inakwambia nenda kwa wanaofundisha, wanaofundisha wanakwambia aliyesahihisha alikuwa wa muda na mkataba wake uliisha, rudi idarani kwako. Nikapuuza, maana ni unit ndogo, nani atamzuia mtu kwa ajili ya jinsi ya kuandika barua?

Mwaka wa nne orodha ya wahitimu ikatoka. Mama alikuwa ameshanunua kuku na ami zangu wamekodi matatu kutoka kijijini. Jina langu halimo. Unit moja. Mambo mengine nitaandika nikipata moyo, lakini mwambie dogo apige picha kila orodha anayotia sahihi, na asikubali kistari kivuke muhula.

Mbeba Boksi Houston

Naona mnalalamikia masomo mawili matatu. Njooni Marekani muone robo ya digrii na zaidi.

Digrii ya kwanza huku kwa kawaida ni krediti 120. Hapa Texas vyuo vya umma vina kiini cha lazima cha saa 42 (saa hapa ndiyo krediti), uwe unasomea unesi au muziki: uandishi, hesabu, sayansi, sanaa, na ndani yake historia ya Marekani saa 6 na serikali saa 6. Nilikuja na cheti cha kidato cha sita nikidhani nitaruka. Nikajikuta nasoma Katiba ya Texas ya 1876, kitabu chenye marekebisho ya mamia, mimi ambaye katiba ya kwetu sijawahi kuishika mkononi. Nililipia, tena kwa ada ya mgeni. Iliniuma. Lakini nikikaa na wagonjwa wazee wa hapa wakaanza habari za Texas kuwa jamhuri kati ya 1836 na 1845, najibu, na sindano inaingia bila kelele.

Ushauri wa pesa: masomo haya ya jumla msiyasomee chuo cha gharama. Anzeni chuo cha jamii (community college), ada ni nafuu, halafu mhamie. Hakikisheni kwa maandishi chuo mnachohamia kinayapokea. Pia kuna mitihani ya CLEP: ukifaulu, vyuo vingi vinakupa krediti bila kukaa darasani.

Kichekesho: vyuo vingine vinadai lugha ya kigeni, na kuna Wamarekani wanaochagua Kiswahili. Nilikuwa namfundisha mmoja ngeli ya KI-VI kwa malipo ya chakula cha mchana. Alipata A. Mimi Kiingereza cha insha nikapata C.

Kalamu Nyekundu

Niseme kutoka upande wa pili, bila kutaja chuo. Nilikuwa msaidizi wa kufundisha kozi moja ya lazima. Niliwahi kupewa magunia mawili ya vitabu vya majibu na siku kumi. Kufika kitabu cha arobaini nikagundua wote wameandika "nadharia ya utegemezi" wakikosea jina la mwanazuoni yule yule kwa herufi zile zile. Desa moja, kosa moja, ukumbi mzima. Ukisahihisha hivyo usiku, anayetoa mfano wa bei ya mahindi kwao Rukwa unampa alama kabla hujamaliza kusoma. Mwanzisha uzi, vile vidokezo vyako vya saruji na nondo mimi ningevifelisha pia.

Mwanzisha uzi

Kalamu Nyekundu, nimekubali, ilikuwa haki yangu. Na niseme ukweli: komunikesheni imenisaidia, kila wiki naandika mihtasari ya vikao vya saiti na mkandarasi hawezi kunigeuka. DS bado najiuliza. Labda ningekaa semina moja na yule bwana shamba wa Babu.

Dogo kasoma mpaka hapa, anauliza: comrade, uliishia wapi?

Comrade wa Thika Road

Nilirudia mtihani. Nilivaa joho mwaka uliofuata, siku ya mvua, na mama peke yake. Kuku wa mwanzo tulikuwa tumeshawala.