Mnunuzi wa kahawa yetu yupo Ujerumani ila pesa anatoa baadaye. Tuingie au turudi mnadani?

NgoroYaBabu:
Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Niko milimani huku Mbinga, Ruvuma. Tuko wakulima 38, wote wanachama wa AMCOS moja (chama cha ushirika cha mazao), wengi wetu tuna mibuni kati ya 200 na 600. Miaka yote kila kaya imekuwa ikimenya kahawa yake nyumbani kwa mashine ya mkono, inavundika kwenye ndoo, inaanika, inapeleka ya maganda (iliyokauka, haijakobolewa) AMCOS. Aliyejituma na aliyechuma mbichi wanalipwa bei ileile, maana ikishamwagwa ghalani ni kahawa moja.

Msimu uliopita tukajaribu kitu. Kaya 11 zilileta mbivu tupu, zile nyekundu. Tukazitia kwenye maji, zilizoelea tukazitoa, tukamenya siku hiyohiyo kwa mashine moja, tukaanika kwenye vichanja badala ya turubai. Yalitoka magunia manne. Sampuli ikaenda Moshi kuonjwa, ikarudi na alama 84.25 kati ya 100. Nilikuwa sijui kama kahawa nayo inafanya mtihani.

Kuna kijana wa hapa kijijini anayesoma nje, akaipeleka kwa mchomaji mdogo wa kahawa Ujerumani. Sasa huyo mchomaji anataka magunia 30 ya kilo 60 msimu huu, dola 9.50 kwa kilo, bei ya bandarini Dar. Siku hiyo kijiji kilikuwa kama kina harusi. Kesho yake tukaisoma barua kwa utulivu: malipo ni siku 60 baada ya mzigo kufika Hamburg.

Sisi tunavuna Juni hadi Septemba. Ukihesabu kuanika, kukoboa, meli na hizo siku 60, kahawa ya Julai inaleta pesa Februari, labda Machi. Shule zinafunguliwa Januari. Na watu wa magoma wanapita nyumba kwa nyumba. Kwa wasiojua magoma: unapewa hela kipindi huna unga ndani, kahawa ikiiva ni yake kwa bei aliyoipanga yeye. Katika sisi 38 najua saba wameshachukua, na ambao hawasemi sijui ni wangapi.

Naomba ushauri. Tusajili kampuni yetu au tubaki ndani ya AMCOS? Na hiyo miezi ya kusubiri watu wanaishije? Nawasilisha.

ChaiTu:
Weka picha mkuu. Mimi ni wa chai, ila kwa dola 9.50 nitajitahidi kuizoea.

MzeeWaKihamba:
Kijana, hongera, lakini kampuni iache kwanza. Wachagga walianzisha chama chao cha wapanda kahawa mwaka 1925, na 1933 kikawa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Hawakuungana kwa kupenda mikutano. Mtu mmoja mwenye magunia mawili hana la kumwambia mnunuzi, ndiyo maana.

Mimi miaka ya 2000 nilikuwa kwenye kikundi kama chenu, huku Kilimanjaro. Kikundi sikitaji. Alama tulikuwa nazo, wazungu walikuja wakapiga picha. Tukakopa tukajenga mtambo wa kumenyea wa nguvu, maji ya bomba, matangi ya saruji. Msimu wa tatu bei ikashuka, deni halikushuka. Viongozi wakati huo wako kwenye maonyesho Ulaya. Mtambo upo mpaka leo, mbuzi wanalala humo.

Kwa hiyo kaeni ndani ya AMCOS yenu, ombeni kwa maandishi mzigo wenu utengwe tangu mzani hadi ghala, na msinunue mashine yoyote mwaka huu.

DadaWaVipimo:
Naonja kahawa kwa kazi, naomba niseme jambo ambalo halitawafurahisha. 84.25 ya magunia manne si 84.25 ya magunia 30. Yale manne yalitoka kwa kaya 11 zilizojitolea. Ukiongeza kaya 27 ambazo hazijawahi kuchambua, na ukapokea maganda yaliyovundikwa majumbani, moja kwa muda wa saa 12, nyingine siku mbili kwa sababu mwenye nyumba alikwenda msibani, utapata 79. Chini ya 80 haihesabiki tena kuwa kahawa maalumu, na huyo Mjerumani ana haki ya kuikataa. Wakichukua gramu 350 za kahawa safi (iliyokobolewa), kasoro kubwa kama punje nyeusi au iliyochacha hairuhusiwi hata moja.

Sasa hesabu, maana kwenye uzi sijaiona. Magunia 30 ni kilo 1,800 za kahawa safi. Si kila punje itapita, zipo ndogo na zilizovunjika, nawakatia robo. Mnahitaji kilo 2,400 safi. Maganda hupoteza asilimia 20 hivi ya uzito yakikobolewa kiwandani, kwa hiyo ni kilo 3,000 za maganda. Na kilo moja ya maganda inakula kama kilo tano za mbivu. Jumla tani 15 za mbivu, nyekundu tupu, zichumwe mara nne au tano kwenye mbuni uleule. Je, mnazo? Vichanja vya tani 15 mnavyo?

Ushauri wangu: pokeeni mbivu peke yake. Maganda ya nyumbani yaende mnadani kama kawaida. Na msikubali magunia 30.

NgoroYaBabu:
Dada umenikata maini. Vichanja tunavyo vya kutosha tani sita au saba, tukizungusha vizuri.

DadaWaVipimo:
Basi jibu lako ndilo hilo.

Bwana Forodha:
Nipo Dar, hati za mizigo ndiyo kazi yangu. Niende moja kwa moja.

Kontena la futi 20 linabeba magunia 320 hivi ya kilo 60. Magunia 30 hayafiki hata sehemu ya kumi, lazima yapande na mzigo wa mtu mwingine mwenye leseni ya kusafirisha. Kusafirisha bila leseni ya Bodi ya Kahawa haiwezekani, na mkataba wa kuuza nje moja kwa moja unapitia Bodi. Hilo peke yake linajibu swali la kampuni. Ongeza cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA (mamlaka ya serikali ya afya ya mimea) na cheti cha asili cha kahawa. "Bei ya bandarini" maana yake gari kutoka Mbinga, kukoboa, magunia na hati zote ni juu yenu hadi mzigo upande melini.

Malipo siku 60 baada ya kufika: kataeni, kwa adabu. Mchomaji mdogo mara nyingi hana mtaji, ila ananunua kupitia mwagizaji, na mwagizaji anao. Muulizeni ni nani atakayeingiza mzigo, halafu pendekezeni sehemu itangulie kabla ya mavuno, iliyobaki ilipwe benki kwa kukabidhi hati za meli. Asiyetaka kutaja mwagizaji wake, mwogopeni.

Lingine ni bei. 9.50 inaonekana kubwa, lakini Februari 2025 bei ya kahawa kwenye soko la dunia la New York ilipita dola 4 kwa paundi. Kilo moja ni paundi 2.2, yaani soko la kawaida lilikuwa zaidi ya 8.80 kwa kilo. Soko likirudi pale, wenzako watauza pembeni usiku na mtabaki na mkataba usio na kahawa. Afadhali mwandike bei ya chini isiyoshuka, pamoja na nyongeza juu ya New York siku ya kufunga bei.

MzeeWaKihamba:
Hapo kwenye New York nakupinga. Mkulima wa Mbinga ataijuaje New York saa sita usiku? Bei iliyosimama anaielewa, anaweza kuipangia ada.

Bwana Forodha:
Mzee, bei iliyosimama ni nzuri mpaka jirani alipwe zaidi. Ndiyo maana nimesema na bei ya chini iwepo.

Mtoto wa Kivu:
Jambo ndugu zangu, mimi ni wa huku Kongo, upande wa Bukavu. Kwetu kwa miaka mingi kahawa ilivuka Ziwa Kivu usiku kwa mitumbwi kwenda kuuzwa Rwanda. Wengi walizama, vijiji vya kando ya ziwa vina wajane wa kahawa. Mwaka 2003 wakulima wa Minova walianzisha ushirika unaoitwa Sopacdi, baadaye wakapata kituo cha kuoshea, leo kahawa yao inanyweka Ulaya. Serikali ilikataza mitumbwi mara ngapi? Mtu alivuka kwa sababu ng'ambo alipewa pesa mkononi. Hao watu wenu saba wa magoma ndio mitumbwi yenu. Msipowalipa kitu palepale mzanini, usiku wataondoka.

MamaTumaini_Mbozi:
Wote mmeongea, hakuna aliyeuliza nani anachuma. Kuchuma nyekundu peke yake ni kurudi shambani mara tano badala ya mara mbili, na anayerudi ni mama na watoto. Kisha pesa inaingia kwenye akaunti ya baba kwa sababu shamba ni jina lake. Kwetu Songwe tulijaribu mwaka mmoja, mwaka wa pili akina mama wakachuma kila kitu kwa mkupuo. Hawakugombana na mtu. Walichoka tu.

Kaka, kwenye daftari la mzani andikeni jina la aliyeleta kikapu, na malipo ya mzanini apewe yeye. Malipo ya pili yaende kwa mwenye shamba kama kawaida yenu.

NgoroYaBabu:
Mama Tumaini, nimesoma ujumbe wako kwa sauti nyumbani. Mke wangu akasema "mwambie huyo dada nampenda", akaendelea kupepeta maharage.

Wakuu, nimekaa na wenzangu watano, tumefika hapa. Tunamwandikia Mjerumani kwamba mwaka huu ni magunia 15. Hiyo ni tani saba na nusu za mbivu, vichanja tutaongeza viwili vitatu. Muuzaji awe AMCOS, mzigo utengwe. Tukilipa shilingi 1,500 kwa kilo ya mbivu mzanini, tunahitaji milioni 11.25. Kikoba chetu kina milioni sita. Tukimwomba atangulize asilimia 40, ni dola 3,420, dola ikiwa 2,500 ni kama milioni 8.5. Inatosha, na ya gari inabaki. Bei tutamwomba mfumo wa Bwana Forodha. Mzee wangu naomba radhi.

Bado nina kigugumizi kwa wale saba. Kuna anayesema tuwalipie deni kwa hela ya kikoba tuwakate polepole, kuna anayesema wasubiri mwakani. Jumapili baada ya misa tunalikata.

Pia barua inataka ramani za mashamba. Hiyo nayo ni gharama?

Bwana Forodha:
Hiyo ni sheria ya Umoja wa Ulaya ya misitu. Imeahirishwa zaidi ya mara moja, ila wanunuzi wengi wameshaanza kudai. Wanataka uthibitisho kwamba shamba halikutokana na kufyeka msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Shamba lisilozidi hekta nne linatosha nukta moja ya GPS, simu janja inachukua. Mpeni kijana mmoja wiki moja azunguke kaya zote. Bure kabisa, mumlishe tu.

MzeeWaKihamba:
Kuhusu wale saba, walipieni. Ukiwaacha nje mwaka huu, mwakani watakuwa kumi na tano. Ila deni liandikwe, na mke na mume wote watie sahihi. Bei nimesamehe.

DadaWaVipimo:
Kabla ya Jumapili: kipimo cha unyevu mnacho? Maganda yashuke yakiwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 12, si kwa kung'ata kwa meno.

NgoroYaBabu:
Tunaazima cha AMCOS.

DadaWaVipimo:
Cha AMCOS mwezi wa nane kitakuwa kwenye foleni ya watu mia. Nunueni chenu.