Hali ya hewa ya kiwanja cha ndege kwenye terminali: wttr.in, weather-util, metar au curl tupu?

Tiara_Juu: Wakuu, habari za leo. Naomba mnisaidie kuamua. Nataka nikifungua terminali asubuhi nikute hali ya hewa ya kiwanja cha ndege kilicho karibu nami. Nimechuja zimebaki nne: wttr.in (tovuti), weather-util na metar (programu za kusakinisha), na curl, yaani amri ya kuvuta data mtandaoni, ya moja kwa moja. Ijumaa naikabidhi mashine kwa wenzangu, kwa hiyo kabla ya hapo lazima niwe nimechagua. Ipi bora?

mlinzi_wa_seva: Bora kwa kazi gani, mkuu? Hujasema mfumo unaotumia, hujasema kama kiwanja hicho kinatoa METAR (ripoti ya hali ya hewa ya sasa ya kiwanja cha ndege, kwa ufupisho), wala kama unataka hali ya sasa au utabiri. Bila hayo kila mtu atakutajia anachokipenda.

Bi_Mawingu: wttr.in, funga mjadala. Husakinishi kitu. Andika `curl wttr.in/lhr` (lhr ni Heathrow, London), unaletewa siku tatu na michoro ya mawingu kwa rangi. Mimi ndiyo inayonifungulia siku.

mlinzi_wa_seva: Dada, inapendeza, sikatai. Lakini zile herufi tatu inazitumia kujua mahali tu. Inachokuletea ni data ya watoa utabiri kwa mahali hapo, si METAR yenyewe. Aliyeomba taarifa ya kiwanja atakuwa amepewa kitu kingine.

Tiara_Juu: Samahani wakuu, niliandika kwa haraka. Natumia Debian, aina ya Linux. Kiwanja kina msimbo wa herufi nne na METAR kinatoa, kipo kama kilomita 30 kutoka tunaporushia droni. Nataka hali ya sasa, upepo hasa.

mpenda_bash: Droni! Hilo ndilo lilikuwa la kuanza nalo. Basi `apt install metar`, kisha `metar -d EGLL`, weka herufi zako badala ya hizo za Heathrow. Hiyo -d inakufafanulia upepo, mawingu, joto na kiwango cha umande mstari kwa mstari. weather-util nayo ni nzuri na ukiweka -m inakupa vipimo vya metriki, ila utabiri wake ni wa Marekani tu. Ukiwa nje ya huko unabaki na hali ya sasa peke yake.

Mwewe_Mtulivu: Ndugu Tiara, kabla hujachagua chombo nisikilize, maana mimi nimepoteza droni kwa jambo hili hili.

Nilikuwa na skripti fupi, curl inavuta faili la kituo kutoka tgftp.nws.noaa.gov, seva ya idara ya hali ya hewa ya Marekani. Faili lile lina mistari miwili: wa kwanza tarehe na saa, wa pili ripoti. Ule wa kwanza niliuona unachafua skrini, nikaukata kwa `tail -n 1`. Kila asubuhi nasoma 06004KT CAVOK. Upepo wa nne, anga jeupe, moyo umetulia. Siku ya nne nikatoka. Chini kweli kulikuwa shwari, lakini droni ilipovuka vilele vya miti ikaanza kusukumwa. Nikaiamuru irudi, ikawa inainamisha pua kuelekea kwangu huku inazidi kwenda mbali. Betri ikaishia juu ya msitu. Sikuiona tena.

Jioni nikafungua faili zima. Tarehe ilikuwa ya siku nne nyuma. Kituo kilikuwa kimenyamaza na ripoti ya mwisho imebaki palepale. Hata kwenye mstari niliokuwa nausoma, zile tarakimu sita zinazoishia na Z zilikuwa zinanieleza siku na saa. Nilikuwa naziruka kila asubuhi.

Bi_Mawingu: Pole sana, kaka.

mpenda_bash: Pole mkuu. Kwa hiyo skripti ilinganishe hizo tarakimu na `date -u` (saa ya sasa kwa UTC, saa ya kimataifa), na ripoti ikizidi saa moja na nusu isionyeshe upepo kabisa, iandike IMECHAKAA. Vituo vingi hutoa kila saa au kila nusu saa.

Kusi_na_Kaskazi: Na muwe makini, 121150Z ni tarehe 12, 11:50 kwa UTC. Nimemwona mtu akisoma 0600Z akasema "saa sita". Hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi, na ni ya UTC, bado hujaongeza au kupunguza tofauti ya ulipo.

mlinzi_wa_seva: Andikeni tarakimu zote kwa UTC mkaishi nazo. Kubadilisha badilisha saa ndiko kunakoleta makosa.

Kusi_na_Kaskazi: Wenzake anaowakabidhi mashine hawatasoma UTC, mkuu. Mtu anataka kujua ni saa ngapi iliyopita. Skripti iseme "dakika 40 zilizopita", basi.

mpenda_bash: Na KT ni maili ya baharini kwa saa. 10KT ni karibu kilomita 18.5 kwa saa. Ukiona G katikati, kama 24012G25KT, hiyo 25 ndiyo mikupuo ya ghafla ya upepo, na kwa droni ndiyo ya kuangalia kwanza.

Mwewe_Mtulivu: Tena upepo huo unapimwa mita 10 juu ya ardhi, kiwanjani, eneo la wazi. Kilomita 30 kutoka hapo, kukiwa na kilima, ni habari nyingine. Nunua kipima upepo cha mkononi pia.

mlinzi_wa_seva: Hapo tumetoka kwenye swali.

Tiara_Juu: Hapana mkuu, mmenisaidia. Nimejaribu `metar -d` sasa hivi, imejibu, ripoti ina dakika 22. Nimejaribu pia curl kwa aviationweather.gov/api/data/metar, ile ya JSON (data iliyopangwa ili programu iisome), na humo saa inasomeka kirahisi kwenye skripti. Navutiwa na hii ya pili ila nina siku mbili tu. Halafu upepo umeandikwa VRB03KT. VRB ni hitilafu?

Kusi_na_Kaskazi: Siyo. Upepo ni mdogo na mwelekeo wake unabadilika, hakuna nyuzi za kuandika. Hakikisha skripti haitarajii namba tatu hapo, itakufia.

Bi_Mawingu: Na TAF, yaani utabiri wa kiwanja cha ndege, je? Kuna anayeivuta kwa amri hizo hizo? Mimi utabiri wa asubuhi siuachi.